Kinachotoka kwa Baba

Simu ya kliniki ya uzazi ilinipata nikiosha vioo vya hadubini. Nilikuwa nimevaa glavu, kwa hivyo niliipokea kwa kiwiko na kuiweka kwenye spika, na maabara nzima ingesikia kama kungekuwa na mtu. Wanafunzi walikuwa wameenda kula. Kijana wa maabara ya kule kliniki akasema, kwa ule upole wa mtu aliyefundishwa kuwa mpole, kwamba mayai yangu yote yaliyopokea mbegu yalikuwa bado vile vile. Seli moja moja. Hakuna hata moja lililogawanyika.

"Viini viwili vilionekana?" nikamuuliza.

"Ndiyo, madam. Cha yai na cha mbegu. Vyote tuliona."

"Vilikutana?"

Nikasikia akipekua karatasi. Nadhani hakuwa amezoea kuulizwa swali hilo na mgonjwa.

"Hapana, madam. Kila moja ilikaa kivyake."

Nikamshukuru, nikakata simu kwa kiwiko kile kile, nikaendelea na vioo. Nilivimaliza vyote. Nilivipanga kwenye kisanduku chao, nikapangusa meza, nikala ndizi niliyokuwa nimeibeba kutoka nyumbani. Ningependa kuandika kwamba nililia, maana ndivyo watu wanavyotaka, na wengine wameniuliza habari hii huku wakinichungulia machoni kutafuta machozi. Sikulia. Sikuhisi kitu. Ilikuwa kama mtu amepiga kuniambia kwamba mvua imenyesha Naivasha.

Sitaeleweka bila kusema kazi yangu ni ipi. Nafundisha baiolojia ya seli katika chuo kimoja huku kwetu Nakuru, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeitumia kuchunguza protini moja ndogo iitwayo sentrini. Ukimwambia mtu hivyo kwenye harusi, anakuomba radhi na kwenda kutafuta soda. Mimi sijawahi kuichoka. Kazi yake ni kushika kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye maziwa na mifupa, na ikiishika, inabadilika umbo. Nyuzi zake zikiwa pamoja zinajikunja na kuvuta. Inakaa kwenye kituo cha seli, mahali ambapo umbo lake hupangwa, na ambapo, siku ya kugawanyika, kamba za kuvutana huanzia. Bila kituo hicho seli inaweza kuwa na chakula tele na isijue pa kuanzia.

Naiona kazi hiyo kwenye mwani wa kijani ninaoufuga kwenye chupa, ule wa kawaida wa madimbwi. Kila seli ina mikia miwili ya kuogelea. Tukiivuruga sentrini yake, unapata seli ya mkia mmoja, nyingine ya mitatu, nyingine haina kabisa. Na zikifika kugawanyika zinagawana vibaya, kama ndugu waliogombania shamba: huyu anabeba karibu kila kitu, yule anabaki na ua.

Kila muhula naanza somo hili kwa onyesho moja. Natia asidi hafifu kwenye maji ya mwani. Kalsiamu inaingia ndani ya seli kwa kishindo, sentrini inajikunja pale kwenye mashina ya mikia, na mikia inakatika. Viumbe vilivyokuwa vikikimbizana huku na huku vinasimama tuli. Daima kuna mwanafunzi mmoja, kwa kawaida msichana wa viti vya mbele, anayeniambia, "Madam, umeziua." Hazijafa, nawaambia. Zimesimama tu. Narudisha maji yao kuwa ya kawaida, nawatuma wakanywe chai, na wakirudi wanakuta mikia imeanza kuota tena.

Mume wangu nilimpatia kwenye hadubini hiyo hiyo. Alikuwa fundi kijana aliyeitwa kurekebisha mtungi wetu wa mvuke, ule wa kuulia vijidudu, akamaliza kazi yake na hakuondoka. Akaomba kuchungulia. Nilimwonyesha mwani, nikamweleza habari za sentrini kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, na yeye akainua kichwa akaniuliza, "Na kwa binadamu?"

Nikamwambia kwamba yai la mama huja na karibu kila kitu, chakula chote cha safari, lakini kituo chake cha kuvutia linakuwa limeshakitupa kabla. Kituo kipya huja na mbegu, na sentrini ndani yake. Kwa binadamu, nikasema, hicho kinatoka kwa baba. Kwa panya mambo ni tofauti, nikaongeza, kwa sababu siwezi kuacha sentensi yoyote bila kuiwekea mpaka.

Akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe sisi pia tuko na kazi! Mimi nilidhani tunapeleka tu jina."

Nilimpenda kwa hilo. Nalisema waziwazi kwa sababu baadaye katika habari hii nitaonekana kama mtu asiyependa chochote. Nilimpenda kwa kicheko kile, na kwa kuwa aliuliza.

Sasa anafanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke, na huja nyumbani Lanet mwisho wa wiki akiwa na harufu ya mayai yaliyooza kwenye ovaroli. Nyumba yetu ina vyumba vingi kuliko watu. Tulipoijenga hatukuona kuwa hilo ni tatizo. Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake linakwisha, anakuwa mama wa fulani, na hata benki wanamwita hivyo. Mimi nimebaki Mwalimu. Majirani wananiita Mwalimu, muuza maziwa ananiita Mwalimu, na mama mkwe wangu, anayenipenda kweli, naye ananiita Mwalimu.

Daktari alituita baada ya ile simu. Tulikaa kwenye viti laini mbele yake, mimi na mume wangu, chini ya picha ya mtoto mnono wa kizungu.

"Kwa upande wa mzee hakuna shida," daktari akasema. "Mbegu ni nyingi, zinaogelea poa sana. Shida ni eggs. Umri pia, mnajua. Eggs zimechoka."

Mume wangu akashusha pumzi. Nilimsikia. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia, halafu akaweka mkono wake juu ya wangu na kusema, "Ni sawa, dear. Ni sawa."

Nilijua ninachokijua. Yai lililochoka halifanyi yale yangu yaliyofanya. Yangu yalipokea mbegu, yakakifungua kiini chake, yakatengeneza na cha kwao, viini viwili vikakaa pale tayari. Kilichokosekana ni cha kuvivuta vikutane, na hicho nimeshasema kinatoka wapi. Mbegu inaweza kuogelea kama samaki na bado ikafika mikono mitupu. Sikuweza kuapa. Hakuna mtu huku kwetu anayelipima jambo hilo, na daktari hakukosea kwa uzembe, alisema tu kile ambacho madaktari husema. Lakini kulikuwa na njia rahisi ya kujua: tujaribu na mbegu ya mtu mwingine. Sentensi hiyo ilikuwa imekamilika kichwani mwangu, na kituo chake mwishoni. Haikutoka. Ningesema nilikuwa namhurumia mume wangu ningejipamba. Sikuwa na nguvu za kufungua mdomo. Nilitazama picha ya yule mtoto na kufikiri kwamba imetundikwa upande.

Kabla ya jua kutua siku hiyo, ukoo wote wa mume wangu kule kwao Molo ulikuwa umejua kwamba mayai ya Mwalimu yamechoka. Mume wangu alimwambia mama yake, mama yake akawaambia shemeji zangu, na shemeji zangu wakasema jambo ambalo nadhani walikuwa wameliweka tayari muda mrefu: ndugu yao aoe mke wa pili. Mama mkwe ndiye aliyewakatalia. Mke wa pili atazaa watoto wa nyumba ya pili, akawaambia, na nyumba ya Mwalimu itakufa kama moto ulioachwa.

Alikuja na shauri lake mwenyewe. Alinipa siku ya kuosha karoti.

Karoti zinaoshwa kabla lori halijaja, na maji ya Molo asubuhi ni baridi ya kukata. Tulikuwa tumeinama wawili kwenye beseni kubwa nyuma ya stoo, ukungu umefunika shamba la viazi, na mikono yangu ilikuwa imeshakufa ganzi. Niliinuka niende jikoni kuipasha moto.

"Usipeleke kwa moto haraka," akasema mama mkwe bila kuinua kichwa. "Itakuuma vibaya. Ipanguse kwanza, uweke kwa kwapa."

Nikaiweka kwapani. Akaendelea kusugua.

"Mwalimu, nimefikiria hii maneno yako."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe uoe."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nioe nani?"

"Msichana. Uoe msichana azae kwa nyumba yako. Mtoto ni wako, anaitwa wako, na shamba ya nyumba yako hakuna mtu atagusa. Hiyo ndiyo dawa yetu ya zamani. Shangazi yangu alioa. Nyumba yake iko mpaka leo."

Niliijua desturi hiyo. Mimi si wa kabila lao, lakini nimeishi nao vya kutosha. Kwa Wakipsigis, mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake. Huyo aliyeolewa anazaa, na yule aliyeoa ndiye anayehesabiwa baba wa watoto. Hufanywa zaidi na wanawake wazee, au wajane. Mama mkwe alikuwa ameona kwamba mimi na mjane hatuna tofauti kubwa.

"Na bwana yangu?"

"Ukioa, wewe ni mwanaume," akasema. "Hutalala na yeye tena. Mtakaa tu vizuri, kama ndugu." Alilisema kama mtu anayepanga kitanda kihamie chumba kingine. Kisha akaninyooshea karoti niishike, maana mikono yangu ilikuwa imesimama. "Sisemi kwa ubaya. Hawa wakileta mwanamke mwingine, wewe utakuwa mgeni hapa. Mimi sitaki."

Aliyasema kwa mapenzi matupu, na nayakumbuka hivyo. Alikuwa anataka kuniokoa, na njia aliyoiona ya kuniokoa ilikuwa kunifanya nisiwe mke wa mwanawe. Niliposikia hayo nilipaswa kuanguka, au kumwagia mtu maji. Nilisema, "Nitafikiria, Mama," nikaosha karoti iliyokuwa mkononi.

Katika nyumba ile mtu asiyekataa amekubali. Nilipompigia mume wangu, yeye alikuwa ameshaambiwa kwamba nimekubali.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza. Nyuma yake kulikuwa na ule mngurumo wa mvuke usiokoma kamwe.

"Mama anakupenda. Unaona vile amekataa nioe."

"Sijauliza habari ya Mama."

"Mimi nitafuata chenye unataka," akasema. Aliongea kwa sauti ile anayotumia kusoma kipimo cha presha.

Sikujua ninataka nini. Huo ndio ukweli wa kipindi kile, na ni ukweli unaochosha kuusimulia. Nilikwenda kazini, nikasahihisha mitihani, nikawafundisha vijana jinsi seli inavyojiandaa kugawanyika, nikachora kamba zile ubaoni kwa chaki ya rangi. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini kiumbe kitegemee kitu kidogo hivyo kutoka upande mmoja tu. Nikamjibu vizuri. Baadaye alikuja kunishukuru, akasema amelielewa somo.

Msichana walimpata haraka. Alitoka upande wa Kuresoi, mrefu, mwenye meno mazuri, na alikuwa ameshazaa mtoto mmoja nyumbani kwao. Hilo ndilo lililowapendeza shemeji zangu: ni mtu aliyejaribiwa. Aliletwa Molo tuonane kabla ya wazee kukaa. Mama mkwe akatutuma stoo tukahesabu magunia matupu, ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa na mtu yeyote.

Alikuwa na aibu kwa muda mfupi tu. Kisha akaanza kuuliza. Kama kweli atakaa Lanet. Kama anaweza kuja na mtoto wake. Kama kuna maji ya mfereji ndani ya nyumba.

"Na mimi nitakuita aje?" akasema. "Nikuite bwana?" Akacheka akiziba mdomo.

"Niite Mwalimu. Kila mtu ananiita hivyo."

"Mwalimu, mimi sina wasiwasi," akasema, na akakaa juu ya gunia kama mtu ambaye ameshafika kwake. "Kuzaa kwangu si shida. Huyu wa kwanza nilishika tu mara moja. Mwaka haitaisha, utaona."

Nilimtazama. Hapo ndipo kitu kidogo kiliponichoma. Nilijua kila mtu katika boma lile anatarajia mume wangu ndiye atakayeingia nyumbani kwa msichana huyu. Si ndiyo damu yenyewe, na yuko hai, na mbegu zake zinaogelea poa. Ataingia, na mwaka utaisha, na mwingine. Watamtazama tumbo kila akivuka mlango. Wataanza kusema kwamba labda alipozaa yule wa kwanza kuna kitu kiliharibika, na meno yale mazuri hatayaonyesha tena. Ningekuwa nimemchukua msichana wa watu na kumweka mahali pangu. Na mimi ningekuwa nakaa chumba cha pili, mwanamume, mwenye kujua.

Nilitaka kumwambia arudi kwao. Nikamwambia magunia yametimia.

Siku ya kikao, tulioosha karoti asubuhi tulikuwa wanawake wote wa boma, kwa sababu lori lilikuwa linakuja, na kikao au siyo kikao karoti hazingojei. Nilikaa na mikono yangu ya barafu kwenye sebule ya mama mkwe, kwenye kiti alichoniwekea upande wa wanaume. Kulikuwa na jiko la makaa katikati ya chumba, lakini joto lake halikunifikia. Mume wangu alikaa mkabala nami, akiwa amevaa koti la suti. Shemeji wawili, msichana na mama yake pembeni, na baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye sauti ya ukoo tangu baba yao afe. Mursik ilipita kwanza, maziwa yale ya kibuyu yenye weusi wa mkaa, kila mtu akanywa. Maneno yalikwenda vizuri. Ng'ombe walitajwa na kukubaliwa. Kisha baba mdogo akasafisha koo.

"Imebaki neno moja. Mwenye kuoa ndiye anachagua mtu wa kuingia kwa hiyo nyumba. Zamani hatukuwa tunauliza, hiyo ilikuwa siri yake na bibi yake. Lakini siku hizi kuna DNA. Mtoto atakuja kuuliza shamba, watu waanze kupimana. Afadhali tusikie hapa sote." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe aliniongelesha kama anavyoongelesha mwanamume. "Mwalimu, unachagua nani?"

Lilikuwa swali la kupitisha muda tu. Shemeji mmoja alikuwa ameshachukua kofia yake. Msichana alikuwa anamtazama mume wangu kwa chati, kumzoea.

Nilijua nikimtaja mume wangu nimemtia msichana huyu kwenye shimo langu. Nikimtaja mwingine, nimemvua mume wangu nguo mbele ya ndugu zake. Nilifungua mdomo, na kwa kweli sijui hadi leo lingetoka jina gani.

"Si mimi," mume wangu akasema.

Alisema akitazama jiko. Baba mdogo akacheka kidogo, akidhani ni haya. "Wacha aibu, kijana. Hapa ni nyumbani."

"Asichague mimi. Achague ndugu yangu, achague mtu yeyote. Mimi hapana."

"Kwani kwa nini?" akauliza shemeji mwenye kofia.

Mume wangu alininyanyulia macho mimi, akiniomba nisaidie, nitafute sababu nzuri ya kitaalamu, kitu cha kizungu kirefu ambacho hakuna mtu angekiuliza mara ya pili. Mwanamume aliyekuwa amepata nafasi ya kuingia kwa msichana mrembo, kwa baraka za ukoo mzima, alikuwa anaikimbia. Nikaelewa. Alikuwa anajua. Alijua hata huko hakutatoka kitu, na kwa huyu aliyejaribiwa hakungekuwa na mayai ya kulaumiwa.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwalimu, tutaongea nyumbani." Na yeye, siku hiyo, aliniita Mwalimu.

"Umejua tangu lini?"

"Ulipouliza kama viini vilikutana. Uliniambia vile ulimuuliza yule kijana." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka karibu isisikike. "Ulinifundisha wewe mwenyewe. Zamani. Pale kwa hadubini."

Nikaikumbuka ile pumzi. Alikuwa ameingia kwa daktari akiwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo kichwani, akiijua kwa maneno yangu mimi mwenyewe, na daktari aliposema eggs akatua gunia na kuniachia nilibebe. Alinishika mkono na kuniambia ni sawa. Aliniacha nioshe karoti, nikubali kuitwa nimechoka, nikubali kuwa mwanamume, na angeniacha niende hadi mwisho. Kilichomshinda ni kumdanganya msichana wa Kuresoi.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua nilikuwa nimesimama, na najua nilimwelekea mama mkwe, si mume wangu wala wazee, kwa sababu kati ya wote ni yeye aliyekuwa amenitafutia njia.

"Mama," nikasema, "mayai yangu ni mazima."

Hayo si maneno ya kusemwa mbele ya baba mdogo wa mume wako. Mama wa msichana akajifunika uso kwa leso. Shemeji mwenye kofia akaivaa, akaivua. Nje lori lilikuwa limefika na dereva alikuwa anapiga honi. Baba mdogo akanitazama, akamtazama mtoto wa ndugu yake aliyeinamisha kichwa, na nadhani mtu mwenye ng'ombe hahitaji kuelezwa jambo kama hilo mara mbili. Akachukua fimbo yake.

"Twendeni tupakie karoti," akasema.

Wanaume wakatoka mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akingoja nimwambie kitu. Akatoka kuwasaidia kubeba, akiwa na koti lake la suti.

Msichana aliondoka na mama yake siku hiyo hiyo. Aliniaga kwa mikono miwili, akaniuliza kwa kunong'ona kama amekosea mahali. Nilimwambia hapana, hujakosea popote, na hilo angalau nililisema kwa sauti ili wote wasikie.

Tulibaki wawili sebuleni, mimi na mama mkwe. Alikusanya vikombe. Alikuwa mwanamke aliyezaa wanaume watatu na kuwazungumzia kila siku kama mazao mazuri, na sasa alikuwa anapanga vikombe ndani ya vikombe bila kuvitazama. Nilitarajia aniambie afadhali ningenyamaza. Ningemwelewa. Akaviacha vikombe, akavuta kiti changu mpaka karibu na jiko, akanikalisha, akaichukua mikono yangu na kuishikilia juu ya makaa. Haraka, bila kuipangusa, bila kuiweka kwapani.

Iliuma. Iliingia kwenye kucha, ikapanda kwenye viganja, ikafika kwenye mifupa, na nikawa nalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwa mayai yale yaliyongoja na viini vyake viwili, kwa kicheko cha kijana aliyeshika meza ya maabara, kwa ile pumzi. Mama mkwe hakuniachia mikono.

"Inauma?" akaniuliza.

"Inauma, Mama. Sasa inauma."